Kabla hujafomati simu, nionyeshe Gmail yako

Mtu akiniwekea simu mezani na kusema "fundi, nifomatie hii," simuulizi pateni. Namuuliza Gmail yake ni ipi. Wengi hucheka. "Gmail? Hiyo alinifungulia kijana wa dukani siku nilipoinunua." Basi simu hiyo siigusi mpaka tumeijua.

Nitaeleza kwa nini, ila nianze na pale nilipojifunzia, maana sikujifunza kwa hiari.

Meza yangu iko Mbagala Rangi Tatu. Miaka mitatu iliyopita alikuja mama mmoja fundi cherehani, simu yake nzito kiasi kwamba anaandika neno zima ndipo herufi ya kwanza inatokea kwenye kioo. Nikamuuliza kama tunavyouliza mafundi wote: "Mama, majina yapo kwenye Gmail? Picha je?" Akasema vyote vipo, mwanawe alimwekea. Nikaangalia, kweli vipo. Nikafuta. Dakika nane simu ikawaka kama mpya, akalipa, akaniombea dua, akaenda.

Kesho yake saa mbili asubuhi yuko mbele ya meza, na shikamoo yangu hakuiitikia. Vipimo vya sare za harusi, watu 14, kifua, kiuno, urefu wa mkono, vyote alikuwa ameviandika kwenye programu ya madokezo iliyokuja na simu. Programu ile ilikuwa inahifadhi humohumo ndani, haipeleki kitu kokote. Harusi ilikuwa imebaki siku tisa. Jumamosi nzima nilizunguka naye nyumba kwa nyumba, yeye kashika futi, mimi kalamu na daftari. Mmoja wao alikuwa Tanga, ikabidi apimwe na fundi wa huko atusomee kwa simu, kwa vocha yangu.

Tangu siku hiyo siulizi tena "majina na picha". Namwambia mtu afungue simu mbele yangu tupite programu moja moja. Hii unaitumia kwa kazi gani? Ukiikosa kesho asubuhi utakwama wapi? Ni dakika ishirini, na humo hutoka vitu ambavyo mwenyewe alishavisahau: daftari la madeni ya duka, sauti alizorekodi kwenye kikao cha ukoo, hesabu za kikoba, picha ya hati ya kiwanja iliyotumwa kwenye folda asiyoijua.

Je, lazima ufomati?

Nusu ya wanaokuja kwa sababu simu ni nzito hawahitaji kufomati. Izime kabisa, iwashe. Angalia nafasi iliyobaki. Ingia WhatsApp, kwenye mipangilio, sehemu ya hifadhi, uone ni kundi gani limekula nafasi. Kwa kawaida ni kundi la familia au la kwaya, lenye video ileile imetumwa mara tano. Futa hizo, ondoa programu usizotumia, kisha itazame simu kwa siku mbili.

Kama ni intaneti tu inayogoma, kuna kuriseti mtandao peke yake. Hiyo hufuta nywila za waifai na vifaa vya bluetooth ulivyounganisha, picha zako haigusi. Na kama simu inachemka na mgongo umeanza kuinuka, hilo ni betri limevimba. Hata ufomati mara kumi halitashuka. Izime, usiichaji, ipeleke ikabadilishwe betri.

Sababu za kweli za kufomati ni tatu: unauza au unagawa simu, umesahau namba ya siri, au simu imeingia programu chafu inayoleta matangazo hata ukiwa kwenye kioo cha mwanzo na umeshindwa kuing'oa.

Sasa Gmail

Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu ikifutwa kwa njia ya vitufe bila akaunti kuondolewa kwanza, ikiwaka inataka Gmail na nywila iliyokuwamo, au namba ya siri ya zamani. Huna, hupiti. Iliwekwa ili mwizi asifaidike, na iPhone zina kufuli la namna hiyo tangu iOS 7 ya mwaka 2013. Lakini kufuli halijui kama aliyeshika simu ni mwizi au ni mwenye simu ambaye Gmail yake alifunguliwa na muuzaji.

Kwa hiyo, simu ikiwa bado inafunguka, fungua Play Store na uguse picha au herufi ya duara juu kulia. Anuani utakayoiona pale ndiyo Gmail iliyomo. Iandike kwenye karatasi. Halafu fanya jaribio ambalo watu hulikwepa: chukua simu nyingine, ya mkeo au ya rafiki, jaribu kuingia kwa anuani hiyo na nywila unayodhani ndiyo. Ikikubali, umefaulu, jitoe kwenye simu ya watu. Ikikataa, bado hujachelewa, kwa sababu simu yako imeshaingia. Nenda Mipangilio, Google, usimamizi wa akaunti, usalama, ubadilishe nywila. Hapohapo tazama namba ya simu ya kurejeshea akaunti. Nimeona watu ambao namba iliyopo ni ya laini waliyoitupa zamani, na ujumbe wa uthibitisho unakwenda kwa mtu mwingine kabisa.

Ukishabadilisha nywila usifomati siku hiyo. Google wenyewe wanasema subiri saa 24. Mteja akinung'unika kwamba anasafiri jioni, namwambia asafiri na simu nzito.

Nakala: iangalie kwa macho

Mtu kusema "nina bekapu" hakunitoshi. Nataka kuiona tarehe yake.

WhatsApp ndiyo inayoliza wengi. Kwenye mipangilio yake, sehemu ya mazungumzo, kuna mahali pa kuhifadhi nakala. Pale huandikwa nakala ya mwisho ni ya lini, ina ukubwa gani, na imekwenda Gmail ipi. Ukikuta ni ya miezi saba iliyopita, huenda nafasi ya bure ya Google imejaa. Ni GB 15, nazo zinagawanywa kati ya barua pepe, picha, Drive na hiyo WhatsApp. Ondoa video kwenye nakala, bonyeza kuhifadhi, kaa usubiri imalize. Tumia waifai. Nakala ya GB nne kwa bando la siku haitafika. Na kama uliwahi kuifunga nakala kwa nywila yake au kwa ule ufunguo wa tarakimu 64, hakikisha unaujua, kwa sababu bila huo nakala haifunguki kwako wala kwangu.

Mimi huongeza hatua moja. Naunganisha simu na kompyuta, naingia folda ya Android, kisha media, kisha com.whatsapp, nainakili yote. Nakili na folda za picha, za kupakua na za rekodi. Madokezo yatume kwa barua pepe yako mwenyewe, moja moja kama hakuna njia nyingine. Inachosha, lakini haizidi kuzunguka na futi.

Majina yanaweza kuwa yamelala sehemu tatu: kwenye laini, kwenye simu, kwenye Gmail. Ya kwenye laini hayafutiki ukifomati, ila laini hubeba majina machache, 250 hivi kwa nyingi. Ya kwenye simu yanapotea. Fungua programu ya majina, tafuta palipoandikwa kuhamisha au kusafirisha, itatengeneza faili moja dogo. Jitumie.

Memori kadi itoe. Kufomati simu kwa kawaida hakuigusi kadi, lakini kuna mtego: kama uliiunganisha iwe sehemu ya hifadhi ya ndani, au uliwasha ulinzi wa kuifunga kwa siri (encryption), ukishafomati simu kadi hiyo haisomeki tena popote, maana ufunguo wake ulikuwa ndani ya simu. Hamisha yaliyomo kwanza.

Kuhusu pesa, wengi huogopa bure. Salio la M-Pesa, Mixx au Airtel Money halikai kwenye simu, liko kwenye mitambo ya mtandao na limefungwa kwenye laini yako. Ndiyo maana laini hutoki ukaniachia, hata mimi. Na PIN yako fundi hana kazi nayo, akikuuliza chukua simu yako uondoke. Programu za benki zitataka ujisajili upya. Kama unatumia programu ya kutoa namba za uthibitisho zinazobadilika kila nusu dakika, hakikisha imeshanakiliwa kwenye akaunti yako, au andika zile namba za akiba, usije ukajifungia nje.

Kubonyeza

Chaji iwe angalau asilimia 60. Huku kwetu umeme ukikatika katikati ya kazi, betri ndiyo mkombozi. Ondoa laini na kadi. Ingia sehemu ya akaunti uiondoe Gmail, na kama simu ina akaunti ya kampuni iliyoitengeneza, kama ile ya Samsung, nayo iondoe. Wa iPhone wazime kwanza ile huduma ya kutafuta simu iliyopotea. Ukiulizwa kuhusu laini ya ndani isiyo na kadi (eSIM), na simu ni ya kubaki nayo, usikubali ifutwe.

Kisha andika "futa data" kwenye kisanduku cha kutafutia ndani ya Mipangilio, au "reset" kama simu yako iko kwa Kiingereza, uende kwenye kufuta data yote. Itaomba namba ya siri, utathibitisha, itazima na kuwaka. Nembo inaweza kukaa muda mrefu. Usiibonyeze. Kanywe chai.

Kwa aliyesahau pateni njia ni vitufe: simu imezimwa, shika cha kuwashia pamoja na cha kuongeza sauti mpaka menyu itokee. Kwenye Samsung nyingi za karibuni lazima waya wa kompyuta uwe umechomekwa ndipo menyu ikubali. Ukiona kiroboti kimelala na maneno "No command", shikilia cha kuwashia, gusa cha sauti juu mara moja, achia. Shuka mpaka "Wipe data/factory reset". Hapa nakwambia mapema: picha zisizo na nakala zimekwenda. Kwenye simu za sasa data imefungwa kwa siri, na kufomati kunautupa ufunguo wenyewe. Anayekuahidi kuzirudisha kwa elfu ishirini, mwambie utamlipa ukishaziona.

Simu za zamani ndizo hazikuwa hivyo. Mwaka 2014 kampuni ya Avast ilinunua simu 20 zilizotumika kutoka eBay, waliouza wakiamini wameshafuta, ikafufua picha zaidi ya 40,000. Kwa hiyo kama unauza Android ya miaka hiyo, tafuta kwanza kwenye sehemu ya usalama palipoandikwa kufunga simu kwa siri ("Encrypt phone"), ifunge, ndipo uifomati.

Simu ya mkopo ambayo hujamaliza kulipa usiilete. Kufuli lake haliondoki kwa kufomati, na mimi siliondoi.

Ikishawaka

Kama unauza, ishia kwenye kioo cha kukaribisha, izime, mpe mtu. Usimsaidie mnunuzi kuiwasha kwa Gmail yako "ili ajaribu kamera". Na wewe unayenunua, usitoe hela mpaka uiwashe kwa Gmail yako, uvuke hatua zote, ufike kwenye kioo cha mwanzo.

Kama ni yako, weka Gmail ileile na laini ileile. WhatsApp itakutumia namba sita, kisha itakuuliza kama urejeshe nakala. Kubali hapohapo. Ukiruka, itabidi uiondoe uisakinishe upya. Usirudishe programu uliyoipata kwa faili la kutumiwa mtaani, huenda ndiyo iliyokuleta hapa.

Nakala niliyoiweka kwenye kompyuta yangu naishika siku 14, kwa sababu mtu hukumbuka alichokosa taratibu. Siku ya 14 nampigia, anakuja, naifuta yeye akiangalia. Yule mama wa cherehani alikuja siku ya sita kuulizia sauti moja ya mteja wake wa Kigamboni. Simu ilikuwa nyingine, na safari hii sauti hiyo nilikuwa nayo.