Klachi kwanza, resi baadaye: kujifunza gia za pikipiki Nairobi

Karibu kila kijana anayekuja kwangu kujifunza pikipiki huanza kuniuliza habari ya resi, ile unayozungusha kwa mkono wa kulia ili injini iongeze nguvu. Mimi humwambia mkono wa kulia leo hauna kazi isipokuwa breki. Mwalimu wako ni mkono wa kushoto, unaovuta klachi.

Siku za kazi mimi husafirisha spea kutoka Kirinyaga Road hadi gereji za Industrial Area na Eastleigh. Jumapili asubuhi nafundisha vijana wa mtaani kwetu Kahawa West kwenye uwanja wa murram. Wengi wanakuja wakiwa tayari wamefundishwa na rafiki: "Shika klachi, ingiza moja, weka moto, achilia." Wakiachilia, pikipiki inaruka mbele ama inazima. Kuanzia hapo wanaiogopa mashine ambayo haina kosa lolote. Hilo huniuma, kwa sababu kilichokosekana ni subira ya saa moja tu na klachi.

Elewa kwanza kinachofanyika. Klachi ni sahani nyembamba zilizopangwa pamoja, baadhi zikizungushwa na injini na nyingine zikiwa upande wa gia. Springi huzibana. Ukivuta klachi, sahani zinaachana. Injini inanguruma lakini tairi la nyuma halipati kitu. Ukiachilia, zinabanana na nguvu inafika kwenye cheni. Kati ya hali hizo mbili kuna sehemu fupi ambapo sahani zinagusana huku bado zikiteleza. Waendeshaji huita hapo nusu klachi, na kuondoka vizuri kote kunategemea hiyo sehemu.

Itafute hivi. Tafuta uwanja tambarare usio na watu, vaa helmeti, glavu na viatu vilivyofungwa. Washa injini, iache ipate moto kidogo. Keti miguu yote miwili ikiwa chini, vuta klachi hadi mwisho, ingiza gia ya kwanza. Vidole vya kulia vikae juu ya breki ya mbele, na resi usiiguse. Sasa achilia klachi polepole sana. Ghafla utasikia sauti ya injini inashuka, na pikipiki inaanza kukuvuta. Simamisha vidole hapo hapo. Usiendelee kuachilia. Vuta tena. Rudia mpaka vidole vipajue bila wewe kufikiria.

Ukishapajua, iache pikipiki itembee kwa nusu klachi hiyo, miguu ikifuata chini, hatua chache, halafu vuta klachi na usimame kwa breki. Injini nyingi za pikipiki zetu, zile za cc 100 hadi 150, zinaweza kukusogeza kwenye tambarare bila resi yoyote. Kijana akiliona hilo kwa macho yake, hofu inamtoka. Anajua kwamba wakati wowote mambo yakimzidi, akivuta klachi nguvu inakatika.

Kuna anayeniuliza, "Auntie, mbona yangu inazima kila mara?" Namtazama vidole tu. Anaachilia vizuri hadi inaposhika, halafu anafurahi na kufungua mkono wote. Pale inaposhika ndipo pa kungoja, mpaka pikipiki ipate mwendo. Baada ya hapo malizia kuachilia, na sasa resi kidogo iingie pamoja na klachi inavyotoka.

Kuhusu mpangilio wa gia, usikubali kuambiwa kwa maneno. Pikipiki za Nairobi hazifanani. Kuna zile ambazo gia zote huingia upande mmoja, unakanyaga mbele mfululizo, na kuna zile ambazo ya kwanza iko chini na zinazobaki ziko juu, fri, yaani pale pasipo na gia yoyote, ikiwa katikati ya moja na mbili. Ukiazima pikipiki ya mwenzako, muulize kabla hujawasha, kwa sababu mguu uliozoea mpangilio mmoja utakushushia gia wakati ulitaka kupandisha. Taa ya kijani yenye herufi N ndiyo ya kuamini, na hata ikiwaka, achilia klachi taratibu.

Kupandisha gia ni jambo jepesi: funga resi, vuta klachi, mguu upige mara moja kwa uthabiti, achilia, ongeza resi. Hapa klachi inaachiliwa haraka kuliko wakati wa kuondoka, kwa kuwa pikipiki tayari inatembea. Usiangalie chini kwenye mguu. Sikiliza injini: ikilia kwa sauti nyembamba inataka gia ya juu, ikitetemeka na kugonga iko gia ya juu mno.

Kwenye kupanda mlima ndiko wengi wanakoshindwa, na Nairobi haina huruma. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini ndogo ya kabureta hupoteza sehemu ya nguvu zake. Ukitoka Haile Selassie Avenue kupanda Upper Hill, ukute foleni imesimama na matatu nyuma yako, resi ya kule uwanjani haitatosha.

Fanya hivi. Ingiza gia ya kwanza kabla hujasimama, kwa sababu ukishasimama mguu wa kushoto utakuwa chini na hautakuwa na nafasi ya kutafuta gia. Mguu wa kulia ubaki kwenye breki ya nyuma, nao ndio unaokushika usirudi nyuma. Ongeza resi hadi injini inyanyue sauti, achilia klachi mpaka usikie nyuma ya pikipiki inajikaza na sauti inashuka kidogo. Sasa tu ndipo uachilie breki. Ukiachilia breki kabla klachi haijashika, utarudi nyuma, na mkono utaogopa na kufunguka wote. Mimi hulifundisha hili kwenye mwinuko mdogo, bila mzigo na bila abiria, kabla ya kumruhusu mtu kuingia barabarani na leseni yake ya muda na alama ya L.

Kushusha gia kunahitaji ustaarabu wa vidole kuliko kupandisha. Punguza mwendo kwa breki kwanza, kisha shusha moja, achilia klachi pole, halafu nyingine. Ukitoka nne hadi mbili na kufungua vidole ghafla, injini italikamata tairi la nyuma. Kwenye lami kavu utashtuka tu. Kwenye ule udongo mweusi wa Embakasi mvua ikinyesha, tairi litakwenda kando na wewe utakwenda nalo. Kwa breki ya dharura, vuta klachi pamoja na breki zote mbili, usipoteze muda kuhesabu gia.

Nina neno zito kuhusu kuteremka na fri. Naona wenzangu wakitelemsha hivyo, wengine hata wakiwa wamezima injini, eti wanaokoa petroli. Ukiwa kwenye gia, injini inakusaidia kushikilia mwendo. Ukiwa fri, kazi yote inaachiwa breki, nazo zikipata moto zinalegea. Kwenye mteremko mrefu kama ule wa kwenda Mai Mahiu, huo ni mchezo na maisha ya aliye nyuma yako. Shuka na gia ya tatu au ya pili, kadiri ya mteremko, na klachi uiachilie kabisa.

Kwenye foleni ya Jogoo Road usitembee na nusu klachi muda wote. Sahani zinapoteleza zinapata joto na kulika, na ukianza kusikia harufu ya kuungua umechelewa. Ngoja nafasi ifunguke, sogea, simama. Taa ikiwa nyekundu, baki kwenye gia ya kwanza na klachi ukiwa umeivuta mpaka gari la nyuma lisimame kabisa, maana huenda ukahitaji kuruka kando. Likishasimama, weka fri, upumzishe waya wa klachi na mkono.

Waya wenyewe ukague kila asubuhi. Klachi iwe na ulegevu kidogo kabla haijaanza kuvuta, kwa pikipiki nyingi milimita 10 hadi 15 kwenye ncha yake, ingawa kijitabu cha pikipiki yako ndicho cha kufuata. Ikikosa ulegevu kabisa, sahani hazibanani sawasawa: injini inalia lakini mwendo hauongezeki. Ikilegea mno, gia zinaingia kwa kugonga na fri inakataa kupatikana. Nati ya kurekebisha iko hapo hapo kwenye usukani. Nyuzi za waya zikianza kukatika moja moja, nunua mwingine siku hiyo hiyo. Na oili iwe ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA kwenye chupa, kwa sababu klachi inaogelea ndani ya oili ile ile ya injini, na baadhi ya oili za magari huifanya iteleze.