Waini ya kukaa na asparagasi, kisamvu na mlenda

Mezani, waini hushindwa na mboga za majani mara nyingi kuliko inavyoshindwa na samaki. Chupa iliyokupendeza ulipoionja jikoni inageuka chungu mbele ya kisamvu, na mbele ya asparagasi, mboga ya vijiti, inaacha ladha ya chuma ulimini. Anayepikia wageni Mikindani, Mtwara mjini au Lindi atakutana na hili mapema, maana mgeni anataka kuonja mboga ya kwetu na bado anataka glasi yake ya waini.

Mboga yenyewe isikushughulishe sana. Uliza imeungwa na nini: nazi, korosho, ndimu, pilipili, magadi? Hivyo ndivyo vinavyochagua waini. Asparagasi peke yake haifuati mpango huu, kwa hiyo tuimalize kwanza.

Asparagasi

Ndani yake mna asidi yenye salfa. Ikichemshwa kwa muda mrefu, asidi hiyo huvunjika na kutoa harufu ya kabichi iliyopitiliza kuiva. Harufu hiyo ikikutana na waini nyekundu yenye tanini nyingi (ukakasi unaokausha kinywa), kama Cabernet Sauvignon, au nyeupe iliyolazwa kwenye mapipa mapya ya mwaloni, kinachobaki kinywani ni chuma na uchungu. Nusu ya kazi basi iko jikoni, kabla chupa haijafunguliwa.

Kwa kawaida asparagasi hutufikia kwa basi kutoka Dar es Salaam, safari ya kilomita 560 hivi, na joto la njiani ndilo adui wa kwanza. Anayekutumia aizungushie gazeti lililoloweshwa, aiweke kwenye deli lenye barafu, na barafu isiguse vichwa. Ikifika, sugua miti miwili kwa pamoja: iliyo hai inalia. Vichwa viwe vimefumba. Vikishaanza kuteleza na kunuka, kata utupe, hakuna waini itakayoviokoa. Iliyobaki isimamishe kwenye glasi yenye maji ya vidole viwili, funika kwa mfuko, weka kwenye friji.

Vunja mti kwa mkono upande wa chini. Utakatika wenyewe pale ugumu unapoishia. Minene menya ganda la theluthi ya chini, la sivyo nyuzi zitabaki kwenye meno. Chemsha lita 2 za maji na gramu 20 za chumvi, tia nusu kilo ya asparagasi: yenye unene wa penseli dakika 2, yenye unene wa kidole gumba dakika 4. Itoe moja kwa moja kwenye maji ya barafu. Usipoipoza itaendelea kujipika kwenye sahani, irudi kwenye harufu ile ya kabichi.

Njia bora zaidi kwa ajili ya waini ni jiko la mkaa. Pakaa mafuta kidogo, geuza kwa dakika 5 hadi 6 mpaka itokeze madoa ya kahawia. Sukari yake inaungua kidogo, ukijani unapungua makali, na waini inapata nafasi ya kusimama.

Waini yake ni Sauvignon Blanc kavu, yaani isiyo na utamu. Zabibu hizi zina harufu ya majani mabichi na pilipili hoho ya kijani, na harufu hiyo inatokana na kemikali zilezile zilizomo kwenye hoho lenyewe, kwa hiyo ukijani wa mboga hauishangazi. Ya Sancerre, Ufaransa, ndiyo inayotajwa sana, ila kwenye maduka yetu ni rahisi zaidi kukutana na ya Afrika Kusini, na inatosha kabisa. Ukipita Dar ukaona Grüner Veltliner ya Austria, beba chupa mbili. Asparagasi nyeupe, ile inayokuzwa chini ya udongo isione jua, ni pole zaidi. Wajerumani wa Franken huinywea Silvaner, na msimu wao hufungwa tarehe 24 Juni. Ya kopo imeshachemshwa mpaka imelegea. Usiihangaikie, mpe mgeni dafu.

Kabla sahani haijatoka, fanya jaribio hili. Tafuna kipande, meza, kunywa funda moja dogo, kisha subiri kidogo. Ukisikia chuma pembeni mwa ulimi, kamulia ndimu matone machache, nyunyiza chumvi kidogo, rudia. Mara nyingi chuma kinapotea palepale, kwa sababu chumvi hupunguza uchungu na ndimu huifanya waini isikike laini zaidi. Usizidishe: ndimu ikiwa kali kuliko waini, waini itakuwa kama maji. Kamba wa kuchoma juu ya asparagasi wanasaidia kazi hiyo, maana chumvi na utamu wao vinaingia katikati.

Kisamvu

Kisamvu kina ukakasi wake, na nyekundu yenye tanini ina ukakasi wake pia. Anayetaka kujua tanini ni nini atafune bibo: ule mkauko unaovuta mashavu ndio huohuo. Ukiweka ukakasi juu ya ukakasi, mgeni ataomba maji.

Twanga majani machanga mpaka yalainike kabisa, chemsha sufuria ikiwa wazi kwa saa nzima, koroga na uongeze maji yakipungua. Majani ya muhogo yana sumu ya sayanidi. Kutwanga huifungua, na mvuke unaotoka huondoka nayo, ndiyo sababu mfuniko haufai. Kisha tia tui jepesi, mwishoni tui zito. Kwa kisamvu cha watu sita, nazi mbili za wastani zinatosha. Ukiunga na korosho, twanga gramu 100 za zilizokaangwa, uzitie dakika 10 za mwisho, ukikoroga kwa sababu hushika chini upesi.

Hapo mboga imekuwa nzito na yenye mafuta, na inachotaka ni uchachu wa kuyakata. Chenin Blanc kavu ndiyo chaguo letu la kwanza. Afrika Kusini huilima kwa wingi kuliko zabibu nyingine yoyote, na Dodoma pia inalimwa. Soma lebo kwa makini: chupa nyingi za bei nafuu madukani ni tamu, na utamu juu ya tui unachosha kinywa kabla sahani haijafika nusu. Tafuta neno Dry, au Sec kama ni ya Kifaransa. Kisamvu cha korosho kinabeba hata Chenin iliyopitia mapipa kidogo. Kisicho na korosho hakiwezi. Anayeng'ang'ania nyekundu mpe Cinsault, na uipoze kwenye friji kwa nusu saa.

Mlenda, bamia na magadi

Utelezi unafunika ulimi, waini inapita juu bila kugusa kitu. Dawa yake ni mapovu: waini nyeupe kavu yenye gesi, baridi sana, inasugua ulimi kila funda. Kikwazo kikubwa ni magadi. Uchachu wa waini huuawa na magadi, na hapo hata chupa ya bei kubwa inaonja sabuni. Ukijua waini itakuwepo, pika mlenda bila magadi, au weka chembe kidogo sana na uongeze nyanya mbili. Mzee akikuambia mlenda bila magadi si mlenda, ana haki yake. Basi mpikie wake kwenye chungu cha pembeni.

Pilipili

Kileo huongeza mwasho. Kwa ming'oko (viazi vya porini) ya chumvi, pilipili na ndimu, angalia asilimia kwenye lebo: chini ya 12.5 ni salama, 14 inawasha koo. Hapa ndipo waini yenye utamu kidogo inapopata kazi yake halali.

Joto letu

Chumba cha nyuzi 30 kinaharibu waini kuliko chakula chochote. Dukani usichukue chupa iliyosimama dirishani kwenye jua. Kizibo kilichosukumwa juu, shingo inayonata, au nyeupe iliyoanza kuwa kahawia ni dalili kwamba imeshapikwa. Sauvignon chukua ya mwaka huu au uliopita. Lebo isiyo na mwaka, muulize muuzaji mzigo uliingia lini.

Nyeupe inywewe kwenye nyuzi 8 hadi 10. Umeme ukikatika, usitegemee mapande ya barafu peke yake: ndoo iwe nusu barafu nusu maji, pamoja na konzi mbili za chumvi, chupa izame mpaka shingoni kwa dakika 20. Barafu bila maji inagusa chupa sehemu chache tu, maji ndiyo yanayoizunguka yote. Ndani ya glasi barafu isiingie, inazimua. Mimina mililita 100 kwa mara, hata mgeni akishangaa, kwa sababu glasi iliyojaa inakuwa vuguvugu kabla hajaifikisha nusu. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi saba za namna hiyo. Iliyobaki ifunge, irudi kwenye friji, na uimalize ndani ya siku tatu.

Wasiokunywa

Kwenye meza nyingi za Mtwara na Lindi wapo wasiogusa kileo. Uliza kabla ya kupanga meza, usitie waini kwenye sufuria ya wote, na glasi za waini zisichanganywe na zao. Kinywaji chao kisiwe soda tu, kwani utamu wa soda unaishinda mboga kama waini tamu inavyoishinda. Loweka gramu 100 za ukwaju kwenye lita 1 ya maji ya moto kwa nusu saa, chuja, tia sukari vijiko viwili vya chakula na chumvi kidogo sana, poza. Uchachu wake unalikata tui la kisamvu vilevile kama Chenin. Kwa mlenda, ongeza maji ya soda yasiyo na sukari, nusu kwa nusu, wakati wa kumimina, ili gesi isitoroke kabla haijafika mezani.