Unataka nyumba isiyotegemea gridi? Anza na paa

Watu wengi wakiamua kujenga mbali na gridi kitu cha kwanza wanachokimbilia ni sola, mtu anaulizia paneli gani nzuri, inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa kutumia vifaa vya nyumbani) ya wati ngapi, na hapo hata maji yatatoka wapi hajajua. Mi nasema anza na paa. Paa ndo litakusanya maji, paa hilohilo ndo litabeba paneli, na likishaezekwa vibaya kulirekebisha ni kujenga mara mbili. Kwa hiyo kabla hujamwita fundi, kaa chini na kalamu upige hesabu.

Maji kwanza, maana giza utalivumilia ila kiu huwezi. Mvua ya milimita 1 ikinyesha kwenye mita 1 ya mraba inakupa lita 1, basi. Ila pima eneo la chini ambalo paa limefunika, usipime ule mteremko wa bati maana utajidanganya. Paa la mita za mraba 60, mahali panapopata milimita 800 kwa mwaka, ni lita 48,000, toa asilimia 20 hivi ya kuruka na kukauka unabaki na 38,000 na kitu. Usishangilie bado, angalia kwanza kiangazi kinakaa siku ngapi. Watu 4 kila mmoja akitumia lita 40 ni lita 160 kwa siku, kiangazi cha siku 90 kinataka lita 14,400 ambazo mvua ikikata ziwe tayari zimo kwenye tenki. Ndo maana tenki la lita 5,000 linaonekana kubwa dukani halafu linakuaibisha kiangazi kikiingia mwezi wake wa pili.

Gata ziwe na mteremko wa kama sentimita 1 kwa kila mita, na maji ya mwanzo ya mvua usiyaingize kwenye tenki, yanakuja na vumbi na kinyesi cha ndege. Unachofanya, kabla bomba halijafika kwenye tenki unaweka tawi linaloshuka chini, limezibwa mwisho, maji machafu yanajaa humo kwanza, likishajaa ndo masafi yanapita kwenda tenkini. Kwa paa la mita za mraba 60 tenga angalau lita 30. Bomba la inchi 4 linabeba lita 8 hivi kwa kila mita kwa hiyo utahitaji karibu mita 4 za bomba, na kule chini toboa katundu kadogo lijimwage polepole lenyewe kabla ya mvua nyingine. Tenki lisipitishe mwanga (ukijani unaota), mdomo uwe na wavu wa mbu, na ya kunywa chemsha.

Choo kifupi tu: kiwe mbali na kisima, mita 30 kwenda mbele, na kiwe upande wa mteremko wa chini. Maji ya kuogea na kufulia yapeleke kwenye miti.

Haya sasa umeme. Orodhesha kila kitu, wati zidisha kwa masaa. Taa 5 za wati 9 kwa masaa 5 ni 225, tivi ya wati 50 masaa 4 ni 200, simu 50 hivi, friji ndogo isiyokula sana tuseme 600 kwa siku. Jumla wati-saa 1,075. Halafu ona jiko la umeme la wati 1,500, saa moja tu limeshapita matumizi ya nyumba nzima ya siku, kwa hiyo kupikia tafuta gesi, kuni au baiogesi, pasi na hita navyo sahau au utumie saa sita mchana jua likiwa kali.

Paneli hesabu kwa mwezi mbaya. Mwezi wa mawingu unapata masaa 3 tu ya jua la maana, na karibu asilimia 30 inapotea kwa joto, vumbi, waya na betri, kwa hiyo 1,075 gawa kwa 3 gawa kwa 0.7 ni kama wati 510. Anayekuuzia wati 300 amepiga hesabu ya jua la masaa 5. Betri nazo, ukitaka zikuvushe siku 2 ni 2,150, na hizi za asidi usizishushe chini ya nusu zitakufa mapema, ina maana unahitaji uwezo wa 4,300, yaani betri 4 za volti 12 ampea-saa 100 (12 mara 100 ni 1,200 kila moja). Lithiamu unaweza kuitumia mpaka asilimia 80 kwa hiyo inatosha ndogo, bei yake ya mwanzo ndo inauma.

Betri hizo zifunge mbilimbili ziwe volti 24, usibaki 12. Mzigo wa wati 1,000 kwenye volti 12 unavuta ampea 83, waya unene kama kidole, kwenye 24 unavuta nusu yake. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, na unapounganisha anza na betri kwenye chaji kontrola (kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unavyoingia kwenye betri) ndo paneli zifuate, ukifungua anza na paneli. Betri za asidi zinatoa gesi inayoshika moto, usiziweke chumba cha kulala.

Paneli ziangalie kaskazini kama uko kusini mwa ikweta, na kinyume chake, hata ukiwa palepale ikweta ziinamishe digrii 10 mvua izioshe. Acha nafasi ya upepo chini yake. Na ule mti mzuri wa kivuli karibu na nyumba, samahani, unajaza gata majani na kivuli cha tawi moja kinaweza kuangusha umeme wa mstari mzima wa paneli.

Ukishahamia, kila asubuhi kabla ya jua soma volti ya betri, za asidi ikiwa kwenye 24.4 zimefika nusu, siku hiyo tivi ipumzike. Na ukija kutaka kuongeza betri baada ya miaka kadhaa usichanganye mpya na za zamani, zile kuukuu zinazivuta mpya chini, nunua seti nzima.