Pima diski kabla ya bakapu ya usiku

Bakapu husoma diski moja, ya seva, na kuandika nyingine, ya nje, na mwendo wake huamuliwa na iliyo ya polepole zaidi. Kabla hujaiacha seva ya SACCOS pale Mwanjelwa, Mbeya, ijiendeshe usiku, pima kila upande peke yake.

Anza na afya. Endesha smartctl -a, amri inayotoa ripoti ya afya ya diski, kwenye diski zote mbili. Current_Pending_Sector, yaani idadi ya sehemu ambazo diski inashindwa kuzisoma vizuri, ikizidi sifuri, achana na vipimo vizito: nakili kwanza vitabu vya akaunti za wanachama, kisha tafuta diski mpya.

Zikiwa nzima, andika kwa dd, amri ya kunakili data, faili la GB 8 kwenye diski ya nje, ukiongeza conv=fdatasync, inayosubiri data ifike kwenye diski. Bila hiyo Linux huweka data kwenye RAM na kukupa namba nzuri ya uongo. Wakati wa kusoma weka iflag=direct, inayoiruka RAM, kwa sababu hiyohiyo. Diski ya kuzunguka hutoa MB 100 hadi 200 kwa sekunde. Ukiona 35 hivi, kagua tundu na waya: hiyo ni kasi ya USB 2.0, na GB 200 zitachukua zaidi ya saa moja na nusu. Kupitia mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde ni karibu saa tano.

Mwendo ukianza vizuri kisha ukaporomoka, shuku diski ya SMR. Mistari yake ya data imepandana kama bati za paa, hivyo kubadilisha mmoja kunalazimu kuandika upya na ya jirani. GB 8 hazitoshi kuifichua, andika 100.

Fomu zilizoskaniwa, maelfu ya vifaili vidogo, ndizo zinazochosha zaidi, maana kichwa cha diski kinahama kila mara. Kuzifunga kuwa faili moja kwa tar kunaokoa upande wa kuandika tu.

Bakapu ikiendelea, tazama iostat -x 5, inayoonyesha shughuli za kila diski kila sekunde tano. Diski ya seva ikiwa 100 kwenye %util, yaani asilimia ya muda iliyo kazini, na diski ya nje imetulia, tatizo ni kusoma. Zote zikitulia huku CPU imejaa, punguza ukandamizaji wa data: tumia zstd, iliyo nyepesi kwa CPU, badala ya xz.

Na msimu wa mvua za radi, Novemba hadi Aprili, chomeka adapta ya diski ya nje kwenye UPS ileile ya seva. Wengi huichomeka ukutani, umeme ukikatika diski inazima katikati ya kuandika huku seva ikiendelea.