Jinsi ya Kuzalisha Kunde Zinazostahimili Ukame
Ukitaka kuzalisha kunde zinazostahimili ukame katika mashamba ya Kisauni au Likoni, Mombasa, chagua wazazi wawili: mmoja mvumilivu wa jua, wa pili mwenye mavuno mengi. Kwa kuwa kunde hujichavusha (ua hutumia chavua, yaani unga wake wa kiume, lenyewe), jioni fungua taratibu tumba la mama litakalochanua kesho yake, uondoe kwa kibano stameni (viungo vya kiume) zote 10 bila kujeruhi stigma (ncha ya kiungo cha kike inayopokea chavua), kazi inayodai mkono mtulivu kuliko yote. Asubuhi na mapema, maua yakiwa wazi, pakaza chavua ya baba, kisha funga lebo. Kizazi cha kwanza hufanana, kwa hiyo usikitumie kuchagua. Jeni (vibeba sifa za urithi) hutawanyika katika kizazi cha pili, na hapo ndipo unapohitaji mimea mingi. Inyime maji inapochanua, uhifadhi mbegu za ile inayozaa vizuri.