Udongo wa maua ya kwenye ndoo na vyungu: navyochanganya mimi hapa Kampala

Kuna mama jirani hapa Ntinda maua yake ya verandani yalikuwa yanageuka njano halafu yanaoza pale chini kwenye shina, na kila anayepita anamwambia mama mwagia zaidi, mwingine anasema weka mbolea. Nikachomoa moja nikakuta mizizi ya kahawia, inanuka, udongo umeshikana kabisa. Tumebadilisha udongo wote na sasa majirani wengine wanauliza, basi naandika mara moja kila mtu asome.

1. Sahau udongo mtupu

Hata ule mweusi mzuri wa shambani. Kule shambani maji yana pa kwenda, chini kuna udongo mwingine unayavuta na minyoo wanatoboa njia, lakini ndani ya ndoo hakuna hayo yote, ukimwagia mara kadhaa unajibana na hewa inaisha. Mizizi inapumua, ikikosa hewa inaoza hata kama umeweka samadi ya bei gani. Huu mwekundu wetu wa Kampala ndio mbaya zaidi peke yake, ukilowa ni matope na ukikauka ni tofali.

2. Kusanya vitu

Udongo mweusi wa juu, uliochekechwa. Mboji au samadi ya ng'ombe iliyooza mpaka hainuki tena. Ya kuku ni kali, kama bado inakupiga puani usiipeleke karibu na mizizi, itaunguza. Mchanga wa ziwa wenye chembe kubwa, huu wetu hauna chumvi kama wa baharini, ila mwambie muuzaji hutaki ule laini wa plasta kwa sababu ule unaziba badala ya kufungua. Na maganda ya mpunga kutoka kwenye mashine ya kukobolea, kama una mtu anakuja kutoka Butaleja au Bugiri mwambie akubebee gunia. Maganda matupu, siyo pumba, pumba ni chakula cha kuku na ukiiweka kwenye ndoo utafuga wadudu.

Maganda ya kahawa pia yanafaa lakini lazima yaoze kwanza miezi kadhaa, mabichi yanatoa joto. Vumbi la mbao bichi mimi sitaki kuliona, bakteria wanaoliozesha wanakula naitrojeni yote na mmea unabaki njano. Kokopiti ya madukani (makumbi ya nazi yaliyosagwa) ni nzuri, sikatai, ila ioshe kwanza maana nyingine ina chumvi, na kwa bei ile mimi nabaki na maganda yangu.

3. Choma maganda ya mpunga

Hapa ndipo muda unapokwenda na ndipo watu wanapoharibu, kwa hiyo soma yote kabla hujawasha kiberiti.

Hatutaki jivu, tunataka maganda meusi yaliyobaki na umbo lake. Chukua debe la bati la mafuta ya kupikia lililo wazi upande mmoja, toboa matundu mengi ubavuni kwa msumari, upande wa pili kata tundu upachike bomba la bati la kama mita moja, hilo ndilo la kutolea moshi. Washa moto mdogo wa vijiti na mkaa chini, ukikolea ufunike na debe, bomba likiwa juu, kisha mwaga maganda kulizunguka mpaka yawe kama kichuguu na bomba linachungulia. Maganda hayawaki kwa ndimi, yanaungua taratibu kutoka ndani kuja nje. Utakaa unaangalia moshi tu, utadhani moto umezimika, usifukue.

Madoa meusi yakianza kutokea kwa nje chukua koleo ugeuze, ya ndani yaje nje na yale ya njano yaingie ndani. Kuanzia hapo usiondoke, usiseme naenda kula chai mara moja, kwa sababu kutoka meusi kwenda kijivu ni muda mfupi sana na kijivu ndiyo jivu lenyewe, chembe zimesagika, hewa hakuna, na jivu jingi linapandisha pH (kipimo cha uchachu wa udongo, ikipanda uchachu unapungua) mpaka mmea unashindwa kuchukua madini ya chuma, majani mapya yanatoka meupe meupe yenye mishipa ya kijani. Mimea mingi ya ndoo inapenda pH kati ya 5.5 na 6.5.

Yakishakuwa meusi karibu yote toa debe, mwaga maji, geuza, mwaga tena, tandaza chini yawe membamba. Rundo litaonekana limezima na katikati kuna moto bado. Ukilifunga jioni kwenye gunia la nailoni, usiku litawaka pamoja na gunia na chochote kilicho karibu. Ingiza mkono mpaka katikati, kama kuna uvuguvugu wowote rudia maji. Asubuhi yasuuze tena kupunguza jivu lililobaki.

Na moshi ni mwingi, nenda kafanyie shambani kwa mtu, siyo uani siku majirani wameanika nguo.

4. Ua wadudu wa udongoni

Lowesha udongo kidogo, utie kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) nyeupe inayopitisha mwanga (nyeusi haifanyi kazi vizuri), ulaze mwembamba juani wiki 4 hadi 6. Januari na Februari ni wakati wake.

5. Changanya

Maua ya kawaida na mboga: udongo 2, mboji 1, maganda yaliyochomwa 1, mchanga 1, pima kwa kopo lolote. Aloe na sansevieria (ile ya majani marefu magumu yaliyosimama): udongo 1, mchanga 2, matofali ya kuchoma yaliyopondwa 1, mboji nusu. Matofali mabovu yapo kila penye ujenzi, omba, ponda, chekecha uondoe vumbi.

6. Jaribu kabla ya kupanda

Jaza ndoo, mwagia maji mengi. Yakizama ndani ya sekunde chache na kuanza kutoka chini, panda. Yakisimama juu kama dakika nzima, ongeza mchanga na maganda.

Sasa kuna hili la kokoto chini ya ndoo, kila mtu ananibishia. Haziondoi maji. Maji hayatoki kwenye udongo wa chembe ndogo kuingia kwenye kokoto mpaka ule udongo wa juu yake ulowe kabisa, kwa hiyo sehemu yenye maji imepanda juu karibu na mizizi na nafasi ya udongo umepunguza. Toboa matundu ya kutosha, weka kipande cha chandarua cha zamani udongo usitoke, basi. Ukiweza tafuta ndoo ndefu kuliko beseni pana, maana ile sehemu ya chini inayobaki na maji kina chake ni kilekile, kwenye ndoo ndefu mizizi inabaki na pakavu pengi juu.

7. Panda, mwagia.

Mchanganyiko utashuka mvua zikipiga, mboji inaendelea kuoza. Ongeza mboji juu kabla ya mvua za Machi na tena kabla ya zile za Septemba, usifunike shina.