Somo: Bolti za hedi zinazovutika, zirudishwe au zitupwe?

Kila wiki naulizwa hapa gerejini Malindi kama bolti za hedi (sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda) zilizofunguliwa zinaweza kurudishwa. Nimeona niliandike jibu mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Bolti ya kuvutika hukazwa mpaka chuma chake kipite kiwango cha kurudia urefu wake wa awali. Ndiyo maana kitabu cha matengenezo ya injini hutaja toki (nguvu ya kukazia) ndogo kwanza, kisha digrii za kuizungusha bolti: kwa injini ya Toyota 1NZ-FE, iliyo katika Probox nyingi, ni Nm 29, halafu digrii 90, halafu 90 nyingine. Toki peke yake haiaminiki, kwa kuwa sehemu kubwa ya nguvu ya mkono huliwa na msuguano wa uzi na wa kichwa cha bolti, ilhali digrii huonyesha kiasi ambacho bolti imevutwa.

1. Soma kitabu cha injini hiyo hasa. Kikiagiza bolti mpya, nunua mpya.

2. Fungua injini ikiwa imepoa, kwa mpangilio wa kitabu, kidogo kidogo.

3. Safisha bolti kwa mafuta ya taa na brashi laini.

4. Pima. Hapa ndipo nilipokosea. Nilizipanga mezani bolti za gari moja la abiria, nikaona zinalingana urefu, nikaridhika. Zililingana kwa sababu zote zilikuwa zimevutika sawasawa. Gari lilifika Kilifi likachemka, maji yakiwa yamekwisha kuingia ndani ya silinda. Hedi ikapinda, na gharama nikailipa mimi. Basi usizilinganishe zenyewe kwa zenyewe. Tumia kalipa (kifaa cha kupimia urefu) na kipimo cha kitabu. Kwa 1NZ-FE kikomo ni mm 147.1, kuanzia chini ya kichwa hadi ncha. Kisha zungusha nati kwa vidole kutoka ncha hadi mwisho wa uzi: ikikwama njiani, uzi umevutika mahali hapo. Ilaze bolti ya zamani juu ya mpya, uzi ndani ya uzi, uzielekeze dirishani. Mwanga ukipenya kati ya hizo mbili, itupe ya zamani. Iliyokonda shingo hutupwa hata kama urefu wake unafaa.

5. Kausha matundu ya bolti kwenye bloku (mwili wa injini) kwa upepo wa kompresa. Mafuta au maji yakibaki chini hayana pa kutokea, na bolti ikishuka juu yake huweza kuipasua bloku.

6. Paka mafuta ya injini kama kitabu kinavyoagiza, kaza kwa mpangilio, na utie alama ya rangi kwenye kila kichwa ili uzione digrii.

MASWALI

— Fundi, gari langu ni Probox. Naweza kuzirudisha?

Hatua ya 4. Pima kwanza, kisha ulete vipimo.

— Fundi wangu hukaza kwa mkono miaka yote na hakuna gari lililorudi. Huku si kuwatajirisha wauza spea?

Siuzi spea. Seti ya bolti ni rahisi kuliko kushusha hedi mara ya pili. Tena chuma kikishapita kikomo, bolti huzunguka bila kuongeza uzito mkononi, kwa hiyo mkono hauwezi kukuambia lolote.

— Assalaam aleikum, fundi. Niko Lamu, natunza injini za dizeli za boti. Bolti mpya nilizoweka akiba zimeanza kushika kutu. Zinafaa?

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Umeuliza jambo ambalo sisi wa pwani tunalihitaji. Kutu inayofutika kwa kitambaa chenye mafuta haina neno, lakini ikiacha vishimo usiitumie bolti hiyo, kwa sababu kishimo ni mwanzo wa ufa, na bolti iliyovutwa hukatikia hapo. Zipake mafuta, uzifunge kwa karatasi, uziweke ndani ya kopo lenye kifuniko. Angalia pia kitabu: kikitaja toki tu bila digrii, mara nyingi hizo ni bolti za kawaida, nazo zikiwa nzima hurudishwa.

— Ahsante sana. Na matundu yenye kutu niyasafishe kwa tapu?

Tapu ya kukatia uzi hula chuma cha bloku. Chukua bolti ya zamani ya injini hiyohiyo, uikate mifereji mitatu kwa msumeno wa chuma kufuata urefu wa uzi, uondoe makali kwa tupa, kisha uizungushe taratibu kwa mkono. Uchafu utajikusanya ndani ya mifereji. Chagua ile ambayo nati ilipita bila kukwama.